Wasasi wa maweni

Historia ya Unguja tuliyosomeshwa skuli inaanzia baharini. Huja upepo wa kaskazi na majahazi, huja Wareno, huja Waomani, hupandwa karafuu, hujengwa majumba ya mawe, na mwisho huja Mapinduzi. Mtu aliyekulia Malindi, kama mimi, haoni ajabu yoyote katika mpango huo. Mtaa wetu umekaa kando ya bandari. Ukitoka mlangoni unasikia harufu ya samaki, unaona milingoti na makontena, na watu wanaokuja na kuondoka. Bahari tunaitazama usoni, na kisiwa chenyewe tumekipa mgongo.

Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kujiuliza nini kilichoko huko mgongoni. Kusini na mashariki ya Unguja ardhi si ile nyekundu ya minazi na mikarafuu. Ni mawe ya matumbawe ya zamani, makali kama chupa iliyovunjika, na juu yake umeota msitu mfupi uliosongamana. Wenyeji huuita msitu wa maweni. Humo hakuna simba wala tembo. Yupo nguruwe mwitu, ambaye Mwislamu hamli. Yupo kima punju, na hata yeye haliwi. Kwa hiyo, mtu akisema anakwenda kuwinda nyama, kwa vizazi vingi alikuwa na maana moja tu: anakwenda kuwinda paa.

Hawa paa si wakubwa. Aliye mdogo, ambaye wengi humwita paa tu bila ya jina la pili, ana uzito wa kilo nne au tano, karibu sawa na paka mnene. Mwenzake ni paa nunga, mwenye kilo kama kumi na mbili, rangi ya wekundu, madoa meupe miguuni na mkanda mweupe unaozunguka nyuma ya mapaja. Katika dunia nzima paa nunga anaishi Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Basi mnyama huyu, ambaye watoto wengi wa Mji Mkongwe hawajawahi kumwona, ni wetu kuliko karafuu. Karafuu ililetwa kutoka nje, lakini paa tulimkuta hapa.

Nasema tulimkuta kwa sababu uwindaji wa Unguja ni mkongwe kuliko Unguja yenyewe kuwa kisiwa. Karibu na Jambiani kuna pango linaloitwa Kuumbi. Profesa Felix Chami alilichimba mwaka 2005, na wataalamu wengine wakarudi kulichimba tena mwaka 2012. Waliyoyakuta chini ya udongo yanatosha kubadilisha kitabu cha skuli. Watu walikuwa wakilitumia pango lile kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa chini sana na mtu aliweza kutembea kwa miguu kutoka hapa mpaka bara. Walikula pundamilia na nyati. Kisha barafu za dunia zikayeyuka, maji yakapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita mkondo wa bahari ukatutenga na bara. Wanyama wakubwa wakatoweka kisiwani. Mifupa inayobaki katika tabaka za baadaye ni ya wadogo, na paa ni mmoja wao.

Kwa hiyo msasi wa maweni ni mrithi wa upungufu. Alibakishiwa mnyama wa kilo tano, na juu ya mnyama huyo akajenga ufundi kamili.

Nilikwenda kuutafuta ufundi huo katika kijiji kimoja cha kusini ambacho sitakitaja jina, na sababu nitaieleza mbele. Rafiki yangu wa chuo ni mzaliwa wa huko. Alinikutanisha na wazee watatu ambao ujana wao wote walikuwa wasasi. Tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri. Nilipowasalimia kwa shikamoo na kuwaambia ninatoka Malindi, mmoja alicheka, akasema, "Mtu wa Malindi anamjua changu na kolekole. Paa atamjuaje?"

Sikuwa na jibu, nikafungua daftari.

Waliniambia kwamba msako wa paa haukuwa kazi ya mtu mmoja. Msasi wa peke yake hutega, lakini msako ni wa kijiji. Walitoka baada ya sala ya alfajiri, kabla umande haujakauka, kwa sababu ardhi ikiwa na unyevu mbwa hunusa vizuri. Wenye nyavu walitangulia kimya na kuzitanda katika mapito. Wenye mbwa na vijana wenye marungu walizunguka upande wa pili, wakaingia msituni wakipiga kelele na kugonga miti. Paa akikurupushwa hufuata njia zake alizozizoea, na njia hizo ndizo zilizotandwa nyavu.

"Wavu hautandi pale unapopenda wewe," alisema mzee wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa nyavu. "Unatanda pale anapopenda yeye. Lazima ujue anakula wapi, analala wapi, na akiogopa anakimbilia wapi. Usipojua hayo, utarudi na wavu wako na njaa yako."

Akanieleza kuwa paa mdogo ana mahali pake pa kwenda haja, hurudi hapohapo kila siku, na vijia vyake havibadiliki. Paa nunga hupenda kusimama chini ya miti ambayo kima wanakula juu yake, aokote matunda na maua wanayoyaangusha. Kwa hiyo msasi mzuri alikuwa akisikiliza kima kwanza. Baadaye nilikuta mambo hayohayo katika maandishi ya wataalamu wa wanyama, yameandikwa kwa lugha ngumu na picha za kamera. Mzee yule hakuwa na kamera. Alinionesha pia kichaka kimoja nyuma ya nyumba, kinachoitwa mlapaa. Hakuongeza neno. Jina la mti lilikuwa linatosha kuonesha kwamba watu wa hapa walikuwa wakichunguza chakula cha paa zamani sana.

Jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa mbwa. Sote tunajua jinsi mbwa anavyotazamwa mjini kwetu. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, yanataka kitu kilichoguswa na mate ya mbwa kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtoto wa Malindi akimwona mbwa barabarani huvuta nguo zake. Sasa vipi Waislamu wa kijijini, wenye kusali sala tano, waishi na mbwa na wale nyama waliyomkamata kwa mbwa?

Mzee wa kwanza hakuliona swali hilo kuwa gumu. Kur-ani yenyewe, alisema, katika Sura ya Maida, imeruhusu kula kilichokamatwa na mnyama aliyefunzwa, ikiwa mwenyewe ametaja jina la Mwenyezi Mungu. Mbwa asiyefunzwa ni mbwa tu. Mbwa aliyefunzwa ni chombo, kama wavu au mkuki. Unasema Bismillahi unapomwachia. Na pale alipotia meno unapaosha kama ilivyoamrishwa.

"Lakini ndiyo maana tukapenda nyavu," aliongeza. "Wavu unakupa paa mzima mzima. Unamchinja mwenyewe kwa kisu, moyo unatulia."

Nililiandika hilo na kuliwekea alama. Tukisoma kwamba watu fulani walitumia nyavu, hufikiri ni umasikini wa silaha. Hapa nyavu zilikuwa pia jibu la swali la fikihi. Msituni kulikuwa na watu wanaofikiri.

Nyama iligawiwa palepale, kabla ya kurudi. Mwenye wavu ulionasa alikuwa na fungu lake, mwenye mbwa fungu lake, aliyechinja fungu lake, na waliobaki waligawana. Kwa paa wa kilo tano, hesabu hiyo huleta vipande vidogo sana. Nilipouliza kama ilistahili taabu yote ile, miiba na mawe, wote watatu walinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wanacheza ngoma. Msasi haogopi miiba, inasema methali. Kwa maelezo yao, siku ya msako ilikuwa ndiyo siku kijiji kilipojijua: nani mwoga, nani mwongo, nani ana pumzi, na nani anagawa kwa haki.

Mji nao haukuwa mbali na paa kama tunavyodhani. Katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870 kuna kisa cha Sultani Darai. Masikini anayechakura jaani anaokota kipande cha fedha, anamnunua paa kwa mtu anayepita na tundu la kuuzia, na paa huyo anamtajirisha, anamwoza binti wa sultani na kumpatia jumba. Paa anapougua, yule tajiri mpya anamtelekeza mpaka anakufa, kisha anazinduka na kujikuta jaani alikotoka. Wengi huisoma kama hadithi ya utovu wa shukrani. Mimi sasa naitazama pia kama ushahidi mdogo wa historia. Aliyeisimulia na walioisikiliza hawakuhitaji kuelezwa mtu mwenye tundu la paa anafanya nini barabarani.

Kisha wakaja watu wa kuandika majina. Mwaka 1918 Oldfield Thomas, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, alimpa paa nunga jina la kisayansi, Cephalophus adersi, kwa heshima ya Dkt. Aders aliyekuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Zanzibar. Mwaka 1932 Pocock akampa chui wa Unguja jina la Aders huyohuyo. Hivyo mnyama aliyekuwa na jina, njia, chakula na methali akasemekana amegunduliwa. Sina ugomvi na sayansi, kwani bila ya ile hesabu yao nisingejua leo paa wangapi wamebaki. Lakini katika kumbukumbu hizo msasi haonekani. Ngozi lazima ilipita mikononi mwa mtu aliyejua mnyama anapatikana wapi, na jina la mtu huyo halikuingia katika jina la mnyama.

Msasi alipokuja kuonekana katika historia ya serikali, ilikuwa kwa sababu ya chui. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yamegawanyika vipande vidogo. Yeye na msasi walikuwa wakigombea paa mmoja. Lakini vijijini hakuogopwa kwa sababu hiyo tu. Ilisadikiwa kwamba baadhi ya chui wanafugwa na wachawi, wanatumwa kutisha na kuua. Chui aliyekula mbuzi wa jirani hakuwa tena mnyama mwenye njaa. Alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo pengine ni mtu unayesali naye.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 imani hiyo ikapata nguvu ya kundi. Kampeni kubwa ilizunguka kisiwa, ikiongozwa na mfichuaji wachawi mashuhuri aliyeitwa Kitanzi. Ilikuwa kampeni ya mambo mawili kwa pamoja: kufichua wachawi na kuua chui. Martin Walsh na Helle Goldman, waliolifuatilia suala hili kwa miaka mingi, wameeleza jinsi uwindaji uliofuata ulivyomsukuma chui mpaka ukingoni mwa kutoweka. Leo ngozi zake zinazojulikana katika makumbusho ya dunia ni sita tu. Mmoja amejazwa na yuko katika makumbusho ya Zanzibar, rangi imempauka. Mwaka 2018 watengenezaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani walitangaza kuwa kamera yao imemnasa chui mzima Unguja. Wataalamu wengi bado wanasubiri ushahidi wa pili.

Niliwauliza wazee kuhusu miaka ile. Hapa baraza ilibadilika. Mzee wa kwanza alisema chui walikuwa balaa na kuwaua ilikuwa wajibu. Fundi wa nyavu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Chui alikuwa msasi mwenzetu. Ukiona nyayo zake asubuhi unajua paa wapo. Tulipommaliza, tulifikiri paa wote sasa ni wetu." Mzee wa tatu, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema zaidi ya kuitikia, aliniuliza kama haya nitayapeleka serikalini.

Hiyo ndiyo sababu ya kutokitaja kijiji. Hesabu ya paa nunga inatisha. Mwaka 1983 walikadiriwa kuwa 5,000 Unguja. Kufikia 1999 makadirio yalishuka hadi kiasi cha 600. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilibadilisha utaratibu wa vijiji na misitu yao, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa. Paa wachache walihamishiwa visiwa vya Chumbe na Mnemba ili wakikosekana huku wabaki kule. Kenya, kamera zilizotegwa katika misitu ya Boni na Dodori zilionesha paa nunga wengi kuliko ilivyodhaniwa, na hapo dunia ikapumua kidogo. Unguja hatuna nafasi ya kupumua. Kisiwa chetu kina mwisho, na mwisho wake unaonekana.

Kwa hivyo msasi leo ana jina jipya: jangili. Mzee wa tatu analijua jina hilo, na analiogopa si kwa ajili yake. Magoti yake hayamfikishi tena hata kwenye shamba la mhogo. Alikuwa akimwogopea mjukuu, ambaye usiku hutoka na tochi na nyaya za kutegea. Hakuniambia hivyo waziwazi. Alisema tu kwamba vijana wa siku hizi hawana nyavu wala mbwa, wana waya, na waya haichagui.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Wavu ulihitaji watu wengi, siku maalumu, na makubaliano. Ulimnasa paa akiwa hai, na jike mwenye mimba angeweza kuachiliwa, kama wazee walivyodai kuwa walifanya. Waya haihitaji mtu yeyote awepo. Inakaa usiku na mchana, inanyonga chochote kinachopita, na mara nyingi aliyeitega hukuta mzoga usiofaa hata kuliwa. Katika mabadiliko hayo mnyama amepata hasara, na hata kijiji kimepata hasara, kwa sababu hakuna tena siku ya kujuana nani anagawa kwa haki.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, wazee wema na vijana wabaya. Lakini wazee wenyewe ndio waliommaliza chui. Na si msasi peke yake anayelipunguza pori. Msitu wa maweni unakatwa kwa kuni na mkaa, na sisi wa mjini ndio tunaoununua. Ufukwe wa mashariki umejaa hoteli, na nyuma ya hoteli zinakwenda barabara na nyumba. Paa anayekosa kichaka hafi kwa mkuki, lakini anakufa. Ukimkamata kijana mwenye waya na ukamwacha mwenye lori la mkaa, umeshughulikia sehemu ya tatizo iliyo nyepesi kukamatika.

Naandika haya nikiamini kwamba paa nunga lazima alindwe, na kwamba kijana mwenye waya lazima azuiwe. Sitaki mtu asome mapenzi yangu kwa nyavu kuwa ruhusa ya kuwinda. Hoja yangu ni nyingine. Elimu inayohitajika kumlinda paa, yaani vijia vyake, chakula chake, mahali anapokimbilia akiogopa, kwa sehemu kubwa imo katika vichwa vya watu waliomuwinda. Tukiwaita majangili wakafunga midomo, tunaizika elimu hiyo pamoja nao. Kuna vijiji ambavyo wasasi wa zamani wamegeuka walinzi wa msitu na waongozaji wa wageni, na hilo linafanya kazi kwa sababu hakuna haja ya kuwafundisha kumtambua mnyama.

Vijana wenzangu wa mjini huniuliza kwa nini nahangaika na kilo tano za nyama, na historia yetu imejaa masultani, watumwa, wanamapinduzi na majahazi. Jibu langu ni kwamba historia ya bandari imeandikwa na watu wengi, kwa lugha nyingi. Historia ya maweni imeandikwa katika mifupa ya Kuumbi, katika jina la mlapaa, na katika kumbukumbu za wazee ambao mdogo wao amepita miaka sabini.

Siku ya pili fundi wa nyavu alinipeleka pembezoni mwa msitu, akiegemea mkongojo. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kijia na kunitajia, mmoja baada ya mwingine, mahali walipokuwa wakitanda nyavu. Kila mahali palikuwa na jina: jina la mti ulioanguka zamani, la mtu aliyeumia, la mbwa aliyekufa, la shimo lenye maji kiangazi. Niliandika majina 31 kabla hajachoka. Mengine, alisema, yako upande ambao sasa umezungushiwa ukuta, na hayana faida tena. Nilimwomba ayataje hata hivyo. Akafikiri kidogo, akakaa juu ya jiwe, akaanza kuyataja.